Shamba Lililonunuliwa Siku za Msiba



Katika furaha ya Yubilei hii twaona vema kumkumbuka mtu aliyenunua shamba siku ambayo hakuna mtu angalilitaka. Yapata mwaka 587 kabla ya Kristo, majeshi ya Babeli yalikuwa yameuzunguka Yerusalemu. Mfalme Sedekia alikuwa amemfunga nabii Yeremia katika uwanja wa walinzi, kwa sababu alisema wazi kwamba mji utatwaliwa. Hapo ndipo alipojiwa na Hanameli, mwana wa ami yake, akimtaka alinunue shamba lake la Anathothi. Walakini adui alikuwa amekwisha kuenea katika nchi! Yeremia akampimia shekeli 17 za fedha, akaandika hati mbele ya mashahidi, akamwamuru Baruku aitie katika chombo cha udongo, ipate kukaa siku nyingi.

Tuangalie sana jambo hili. Yeremia hakutumaini kwamba mji hautaanguka. Alijua utaanguka, nao ukaanguka. Hekalu likateketezwa, mfalme akapofushwa macho, watu wakachukuliwa mateka. Tumaini lake halikuwa katika kuta wala katika kiti cha enzi, bali katika Mungu, ambaye ahadi yake haikuteketea pamoja na hekalu. Naye mwenyewe alichukuliwa mpaka Misri. Hatusomi popote kwamba alililima shamba lile. Alilipa kwa ajili ya wale watakaorudi.

Basi sisi watu wa Unguja tusidhani kwamba habari hii ni ya mbali. Hapa Mkunazini watu waliuzwa kwa fedha. Kila aliyesimamishwa sokoni alikuwa ameangukiwa na ufalme wake: nyumba, ukoo, na nchi ya wazee wake. Soko likafungwa mwaka 1873 kwa amri ya Sayidi Barghash. Ndipo Padre West akatoa fedha kununua sehemu ya kiwanja kile, na Jairam Senji, mfanyabiashara wa Kihindi, akatoa sehemu nyingine. Siku ya Krismasi ya mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi la Kanisa Kuu. Mahali fedha ilipohesabiwa ili kununua watu, ikahesabiwa ili kupata nyumba ya sala.

Tena, mwaka 1864 Sultani Majid alimpa Askofu Tozer watoto watano waliokuwa watumwa. Nani angaliwatazama watoto wale, wasio na baba wala mama karibu nao, akaona ndani yao Kanisa? Mmoja wao, John Swedi, alipewa daraja ya ushemasi mwaka 1879.

Mwalimu mwenye watoto watatu tu darasani asivunjike moyo. Mzazi ambaye mwanawe amepotea asiache kumwombea. Apandaye mnazi uzeeni hapandi kwa ajili ya kinywa chake. Nasi tulipe fedha yetu leo, tuiweke hati mikononi mwa Mungu. Watakaokuja watalilima shamba.

Amina.