Waya wa Kukodi na Haki ya Mtumiaji



Mwaka 1996 Marekani ilitunga sheria iliyoyalazimu makampuni makubwa ya simu kuwakodisha washindani wao nyaya za shaba ziingiazo majumbani. Kwa nyaya hizo hizo ikapita intaneti ya kasi iitwayo DSL, wala haikukatiza mazungumzo, kwani ilitumia mawimbi yenye masafa ya juu kuliko sauti. Lakini mwaka 2001 kampuni ya NorthPoint, iliyoishi kwa nyaya za kukodi, ilifilisika ikazima mitambo yake. Wateja wapatao 100,000 wakakatiwa.

Wahenga walinena: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Hapa aliyeumia si mkodishwaji peke yake, bali na mwananchi aliyelipa ada yake. Basi sheria ifunguayo waya sharti imlinde na mtumiaji.