Maumivu ya Kiuno na Nyonga: Asili Yake na Matibabu

(Hotuba juu ya afya)

Hakuna kijiji wala mtaa wa mji usiokuwa na mtu aamkaye asubuhi ameshika kiuno. Mama atokaye msituni na mzigo wa kuni, mchukuzi wa magunia, na dereva aketiye garini kutwa nzima, wote huyajua maumivu haya. Mara nyingi hayakomi kiunoni, bali hushuka mpaka nyonga. Wengi husema kwamba ni uzee, au ni baridi, nao huvumilia. Yafaa kila mtu ajue ni maumivu gani ya kuvumilia, na ni yapi ya kupeleka hospitali.

Chini ya uti wa mgongo upo mfupa mpana ulioungana na mifupa ya nyonga kwa viungo viwili, kimoja kila upande. Kwa hiyo kiuno na nyonga ni kama nguzo na boriti: moja ikitikisika, nyingine hupata taabu. Tena, mishipa ya fahamu ya mfuko wa uzazi na ya kibofu huingia katika uti karibu na ile ya kiuno. Ndiyo sababu ugonjwa wa tumboni huweza kuuma mgongoni.

Asili iliyo ya kawaida zaidi ni misuli kuchoka au kuteguka kwa kazi. Maumivu hayo mara nyingi hupona kwa majuma machache. Zamani wagonjwa waliambiwa walale kitandani. Sasa yajulikana ya kuwa kulala sana hudhoofisha misuli. Mgonjwa na atembee polepole, akande kiuno kwa kitambaa cha maji ya moto, na ameze parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa. Ainuapo mzigo, akunje magoti na kuushika karibu na kifua. Safari mbili za kuni ni bora kuliko mzigo mmoja wa kumlemaza mtu.

Mama mwenye mimba huumwa kwa kuwa viungo vya nyonga hulegea. Alale ubavu, na mto kati ya magoti. Lakini akitokwa na damu, asingoje. Na mwanamke aliyekosa hedhi, kisha akashikwa na maumivu makali chini ya tumbo pamoja na kizunguzungu, apelekwe hospitali saa ile ile, maana huenda mimba imetunga nje ya mfuko wa uzazi.

Yako pia magonjwa yajifichayo. Mkojo uchomao pamoja na homa, uchafu wenye harufu, au damu baada ya hedhi kukoma, si mambo ya kuchanja kwa wembe wala kupaka majivu. Ugonjwa wa zinaa ukiachwa huweza kumfanya mwanamke tasa. Mume na mke hutibiwa pamoja. Saratani ya mlango wa uzazi ikigunduliwa mapema hutibika.

Katika nchi ya wafugaji kuna ugonjwa wa brusela, upatikanao kwa kunywa maziwa mabichi au kushika mfuko wa ndama aliyezaliwa mfu. Homa huja na kuondoka, jasho hutoka usiku, na viungo vya kiuno na nyonga huuma. Wengi hudhani ni malaria. Dawa zake ni mbili au zaidi, humezwa majuma sita, wala zisiachwe nusu. Maziwa yaliyochemshwa hayaleti ugonjwa huu.

Kifua kikuu nacho huweza kula mifupa ya mgongo bila kikohozi. Mtu akikonda, akaumwa hata usiku alalapo, na mgongo ukaanza kutoa kibyongo, apimwe upesi. Kwa dawa za miezi mingi hupona. Akichelewa, miguu huweza kupooza.

Mwisho, mtu aumwaye kiuno akipata ganzi kati ya mapaja, au miguu ikilegea, au akishindwa kuzuia haja, hiyo ni hatari ya siku hiyo hiyo, si ya kesho.

Mama wengi huona haya kutaja maumivu ya nyonga, hata mbele ya waume zao. Waume na waulize kwa upole, tena watoe nauli ya hospitali. Wahenga walisema: Mficha maradhi, kifo humuumbua.