Kumtukuza Mungu Katika Neema na Katika Dhiki: Mada kwa Semina ya Wazee wa Kanisa, Ushongo



Mada hii tumezoea kuihubiri tukianzia kwenye dhiki: Ayubu juu ya majivu, Paulo na Sila gerezani Filipi, halafu tunaambiana tuvumilie. Leo naomba tuanze na neema. Naamini huko ndiko tunakomkosea Mungu zaidi, na hakuna anayetuuliza.

Twendeni ufukweni. Kaskazi imetulia, chombo kimerudi kimejaa, wachuuzi wamekwisha kuzunguka. Samaki wakishauzwa hutolewa kwanza fedha za mafuta na za chakula. Kisha fungu la chombo, fungu la mashine, fungu la nyavu. Kinachobaki ndicho mabaharia wanachogawana. Jumapili mwenye chombo, kama ni mwenzetu, huleta fungu la kumi, nasi tunampigia makofi. Lakini je, baharia aliyevuta wavu usiku kucha aliondoka na nini? Kumbukumbu la Torati sura ya 8 inamwonya mtu aliyekula akashiba, akaanza kudhani kwamba nguvu za mikono yake ndizo zilizomtajirisha. Kwa maoni yangu onyo lile linatuhusu kwenye mgao, pale pale mchangani, kabla halijafika kwenye kapu la sadaka.

Tena kuna neema ambayo si neema. Sote tumewahi kusikia mshindo wa baruti baharini. Mkoa wetu wa Tanga ulivuma kwa jambo hilo. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza uvuvi wa baruti, lakini mimi nasema na wazee wa kanisa, si na mahakama. Mlipuko mmoja huua samaki mkubwa na mchanga kwa pamoja, ukavunja matumbawe yanayochukua miaka mingi kuota tena. Mama yeyote anayesafisha samaki huwatambua wa baruti: nyama imelegea, uti umevunjika, damu imevilia tumboni. Fedha ya samaki yule ikiingia kwenye kapu letu, tunaimbaje kwamba Mungu ametubariki? Tumekula riziki ya watoto ambao bado hawajazaliwa.

Mafundisho ya mafanikio yanayoenea nchini hayatusaidii hapa, kwa kuwa yanaifanya mali kuwa cheti cha imani. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana walipokuwa wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Wale walikuwa watu wenye shida za kweli: wagonjwa, wasio na kazi, waliochoka. Siwalaumu hata kidogo. Nawalilia, na najiuliza ni nani aliyewafundisha kwamba Mungu hayupo upande wao mpaka wapate.

Sasa dhiki. Hapa lazima tutofautishe, maana tusipofanya hivyo tunawaumiza watu kwa kutumia jina la Mungu.

Iko dhiki inayompata mtu kwa ajili ya imani au uaminifu wake. Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza mwaka 1914, Wajerumani waliwashuku mapadri na walimu Waafrika wa UMCA, misheni ya Kianglikana, kule Bonde, eneo la Muheza, kuwa wapelelezi wa Waingereza. Walikamatwa, wakateswa, wakapelekwa Tabora. Wengine hawakurudi. Waliobaki walifunguliwa Wabelgiji walipoiteka Tabora Septemba 1916. Wale walimtukuza Mungu kwa kuwa hawakumwacha. Minyororo yenyewe haikuwa na utukufu wowote.

Iko pia dhiki inayotengenezwa na watu. Mkonge wa kwanza nchini ulipandwa Kikogwe, hapa hapa Pangani, mwaka 1893. Uliwatajirisha wengi, na wengine wakavunjika migongo: manamba waliotolewa mikoa ya mbali, wakakata mkonge mpaka viganja vikachanika. Baadhi ya Wakristo wa wilaya hii ni wajukuu wao. Kuwaambia watu wale kwamba Mungu anatukuzwa kwa kunyamaza kwao kungekuwa kumsingizia Mungu.

Askofu Frank Weston wa Zanzibar, ambaye dayosisi yake ilifika mpaka Bonde, aliliona hilo. Wakati wa vita aliongoza wapagazi mwenyewe, akatembea nao. Mwaka 1920 serikali ya nchi yake, Uingereza, ilipotaka Waafrika washurutishwe kufanya kazi, aliandika kijitabu cha kuipinga waziwazi. Alifariki Hegongo, Muheza, mwaka 1924. Askofu huyo alifundisha uvumilivu na pia akapinga shuruti, na sioni kwamba alijipinga.

Nageukia ibada zetu. Wakati wa ushuhuda, nani husimama? Aliyepata kazi, aliyejenga, ambaye mwanawe amefaulu. Mama aliyezika mtoto hukaa kimya, na kusi inapochafuka, mvuvi aliyekaa wiki nzima bila kutweka tanga naye hukaa kimya. Majirani zetu Waislamu husema alhamdulillahi kwenye karamu na kwenye matanga. Kwa nini ushuhuda wetu uwe wa karamu tu? Nashauri mchungaji na wazee watenge nafasi ili mwenye msiba aseme mbele ya kanisa, hata akitaka kumlalamikia Mungu. Zaburi nyingi ni malalamiko, na zimo katika kitabu kile kile tunachotumia kumsifu Mungu.

Kwenye vikundi naomba mjadili mambo mawili. La kwanza: mwenye chombo aliye mshirika wetu afanye nini kwenye mgao ili mabaharia wake, Wakristo kwa Waislamu, waone tofauti? La pili ni gumu zaidi: mzee wa kanisa akijua kwamba sadaka iliyoletwa imetokana na baruti, aipokee au airudishe, na amwambie nini aliyeileta?