Mkono Uliokatika

Somo letu la leo ni Luka 6:6-10, habari za yule mtu aliyekuwa na mkono mbovu wa kulia.

Siku moja tulimtembelea Mkristo mwenzetu, mvuvi, chumbani mwake Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekatwa baada ya ajali, na tangu hapo hakuonekana kanisani. Tulipomwuliza sababu alinyamaza kwanza, kisha akasema: "Kasisi, kaa akivunjika gando huota jingine. Kiti cha pweza naye akikatika mkono huota mwingine. Nimeyaona haya miaka yote, maji yakipwa. Mbona wangu hauoti?"

Ndugu wapendwa, alisema kweli. Gando jipya la kaa huanza kama chipukizi dogo, na pengine kaa hujivua gamba zaidi ya mara moja kabla gando hilo halijafikia ukubwa wake. Mkono wa kiti cha pweza huchukua miezi mingi, hata mwaka na zaidi. Kwetu wanadamu jeraha hufungwa kwa kovu, basi. Hatukumdanganya kwamba mkono utaota.

Tulimwuliza tu: "Na ule mkono uliokatika, ukibaki peke yake mchangani?"

Akajibu: "Mara nyingi hufa."

Ndivyo ilivyo. Wako viti vya pweza wachache ambao hata mkono mmoja huweza kuota mwili mzima. Lakini kwa walio wengi, uhai wa kuotesha umo katika mwili wa katikati. Mkono haujioteshi.

Ndipo akatutolea la moyoni. Alikuwa akiona haya kupokea Meza ya Bwana kwa mkono wa kushoto mbele ya watu, kwa maana amelelewa pwani, na huku chakula hakipokewi kwa mkono huo. Tuliposikia hayo, aibu ilitushika sisi. Miezi yote ile tulikuwa tukiulizana, "Mbona haji?" wala hatukwenda. Tulingoja mkono ujioteshe wenyewe.

Tazameni alivyofanya Bwana Yesu. Yule mtu hakumponya kando, mafichoni. Alimsimamisha katikati ya watu, ndani ya sinagogi, akamwamuru aunyoshe mkono ule ule mbovu.

Mvuvi wetu hakuota mkono. Lakini Jumapili iliyofuata wazee wawili wa kanisa walimpitia Kibokoni. Wakapiga magoti pamoja naye, mmoja huku na mmoja huku, na wakati wa kupokea, nao pia wakanyosha mikono ya kushoto.

Je, msikilizaji, katika mtaa wenu ni nani aliyekatika? Usingoje aje. Nenda wewe.

Tuombe. Ee Bwana, utusamehe tuliowaacha wenzetu mchangani. Utupe miguu ya kuwaendea, na moyo wa kuketi nao. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.