Mshahara wa Jana Usiwe Kipande cha Leo
Hotuba kwa wananchi wa Mohoro, Rufiji



Vijana wetu wengi hutoka hapa Mohoro kwenda Kibiti na Dar es Salaam kutafuta kazi. Wakifika mbele ya mwajiri huulizwa: "Ulikokuwa ulilipwa shilingi ngapi?" Swali hili ni fupi, lakini madhara yake ni marefu.

Tuseme kazi imewekewa Sh. 350,000 kwa mwezi. Kijana akisema zamani alipata 200,000, ataambiwa, "Basi tutakupa 230,000, umepanda." Hakupanda huyo. Amenyimwa 120,000 kwa sababu jana alikuwa na shida. Na mwanamke aliyeanza kwa kulipwa pungufu atabeba upungufu huo kila aendako.

Jambo hili si geni. Katika Kenya, sheria ya 1915, iliyoanza kutumika baada ya Vita Kuu ya kwanza, iliwalazimisha wanaume Waafrika kuchukua kipande, nao wakakivaa shingoni katika kikebe cha bati. Humo bwana aliandika muda wa kazi na mshahara aliotoa. Bwana wa pili hakuwa na haja ya kuuliza, alifungua akasoma. Harry Thuku na wenzake walikipinga mwaka 1921, pamoja na kupunguzwa kwa mishahara. Sheria ya 1947 ndiyo iliyokiondoa. Je, sisi tukivae kingine mdomoni?

Waajiri husema wanataka kujua thamani ya mtu. Vema, wamwulize ujuzi wake, wampe kazi wamjaribu. Mwenye kununua mpunga wa Rufiji hutazama mpunga wenyewe, hatazami umaskini wa mkulima.

Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi hata kwa mwenye kuomba kazi, lakini swali hili haikulitaja. Jimbo la Massachusetts, Marekani, lilipitisha mwaka 2016 sheria ya kumzuia mwajiri asiulize kabla hajataja mshahara anaotoa. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha katazo lake mwaka 2023. Nasi tunadai hivyo: mwajiri aseme kwanza kazi yake ina mshahara gani.

Mpaka hapo, kijana ukiulizwa, usiseme uongo. Jibu kwa adabu: "Bwana, kazi hii mmeiwekea kiasi gani?" Akijibu hivyo mmoja, atarudishwa mlangoni. Tukijibu hivyo wote, mwajiri atataja.

Uhuru na Kazi!