Kwa Nini Wachague Timu Ndogo?

Leo nataka tufikiri juu ya vijana fulani wa Marekani, wachezaji wa mpira, ambao walifanya jambo lililowashangaza wengi. Walikuwa na uwezo wa kukaa mahali pakubwa, nao wakaenda mahali padogo.

Kwanza yafaa tuuelewe mchezo wenyewe. Mpira ninaousema si huu wetu wa miguu. Ni ule wa Kimarekani, wenye umbo kama la yai, unaochezwa zaidi kwa mikono, na wachezaji huvaa kofia ngumu na kinga za mabega. Kule Marekani mchezo huu hukuzwa vyuoni. Kijana hodari akikaribia kumaliza shule ya sekondari, makocha wa vyuo humfuata hata nyumbani kwa wazazi wake, wakiahidi kumlipia masomo ili aje kuwachezea.

Vyuo hivyo vimepangwa kwa madaraja matatu tangu mwaka 1973, na daraja la kwanza lenyewe liligawanywa mara mbili mwaka 1978. Baadhi ya vyuo vya juu kabisa vina viwanja vya kuchukua watu zaidi ya 100,000. Kwa miaka mingi, hadi 2024, chuo cha namna hiyo kiliruhusiwa kuwalipia masomo wachezaji 85. Sehemu ya chini yake iliruhusiwa misaada 63, daraja la pili 36, na daraja la tatu halitoi msaada wowote kwa sababu ya mchezo. Basi mtu angedhani kwamba kila kijana mwenye kipawa atakimbilia juu. Kwa nini wengine hawakufanya hivyo?

Sababu ya kwanza ni kwamba walitaka kucheza. Hebu tufanye hesabu. Wachezaji waliolipiwa walikuwa 85, na wanaoingia uwanjani kwa wakati mmoja ni 11 tu. Wengi watakaa kando wakitazama. Joe Flacco alikuwa katika chuo kikuu cha Pittsburgh, chenye jina kubwa, lakini mbele yake alikuwapo mwingine aliyepewa nafasi yake. Akahamia Delaware, chuo kilichokuwa cha sehemu ya chini wakati huo. Hata huko hakuanza mara moja, maana ilimlazimu kungoja msimu mzima wa 2005 bila kucheza. Alingoja, kisha akacheza. Mwaka 2008 timu ya kulipwa ya Baltimore ilimchagua katika duru ya kwanza, na mwezi wa Februari 2013 alitajwa kuwa mchezaji bora wa fainali kuu ya Marekani. Kipawa kisichotumiwa hudumaa, hata kikiwekwa katika nyumba nzuri namna gani.

Sababu ya pili ni kwamba walitaka kupewa kazi waliyoitiwa. Steve McNair alikulia Mount Olive, mji mdogo katika jimbo la Mississippi. Kazi aliyoipenda ni ya kwotabeki, yaani yule anayeiongoza timu na kuutupa mpira. Vyuo vikubwa vilimtaka, lakini vilitaka awe mlinzi wa nyuma. Alcorn State, chuo kidogo cha watu weusi katika jimbo lake, kilimwambia aje awe kwotabeki, naye akaenda. Katika msimu wa 1994, kura zilipopigwa za kumtafuta mchezaji bora wa vyuo vyote, vikubwa kwa vidogo, McNair alikuwa wa tatu. Mwaka uliofuata alichaguliwa wa tatu katika nchi nzima kuingia ligi ya kulipwa. Kama angekubali jina kubwa, angeingia uwanjani kufanya kazi ya mtu mwingine.

Sababu ya tatu ni kwamba walikwenda mahali palipo na mtu wa kuwajali. Walter Payton alikwenda Jackson State, ambako ndugu yake mkubwa, Eddie, alikuwa akicheza tayari. Baadaye Walter aliichezea Chicago tangu 1975 hadi 1987, na alipostaafu hakuna aliyekuwa amekimbia na mpira yadi nyingi kuliko zake, yaani 16,726.

Au mtazameni Eddie Robinson, aliyekuwa kocha wa Grambling, chuo cha watu weusi huko Louisiana, kuanzia 1941 hadi 1997. Timu zake zilishinda michezo 408. Lakini mimi napenda zaidi habari ya kengele yake. Mzee huyu alikuwa akipita mabwenini asubuhi na mapema, kengele mkononi, akiwaamsha wachezaji wake waende darasani. Mzazi aliyempeleka mwanawe Grambling alijua kwamba yuko mtu atakayemwamsha. Doug Williams alilelewa hapo. Mwezi wa Januari 1988 alikuwa kwotabeki wa kwanza mweusi kuiongoza timu kushinda ile fainali kuu.

Wapenzi wasikilizaji, hapa lazima tuseme ukweli mmoja mchungu. Wengine hawakuchagua padogo kwa hiari. Walifungiwa mlango. Vyuo vikubwa vya Kusini mwa Marekani viliwakataa wachezaji weusi kwa miaka mingi. Katika shirikisho lao kubwa la Kusini-Mashariki, mchezaji mweusi wa kwanza wa mpira huu aliingia uwanjani mwaka 1967 tu. Udhalimu huo tusiusifu wala tusiufunike kwa maneno matamu. Lakini tuwasifu walimu waliokaa upande wa pili wa mlango uliofungwa, wakafundisha vizuri kwa vifaa vichache, hata siku moja wale waliofunga mlango wakaja wenyewe kutazama.

Milango ilipofunguliwa, wengi waliona kwamba vyuo vile vidogo havingepata tena vijana walio bora kabisa. Kisha ikafika Desemba 2021. Kijana Travis Hunter, aliyehesabiwa kuwa wa kwanza au wa pili kwa ubora kati ya wote waliokuwa wakimaliza sekondari nchini mwao, alikuwa ameahidi kwenda Florida State. Siku ya kutia sahihi akachagua Jackson State, chuo kilekile cha Payton, ambako kocha alikuwa Deion Sanders, mchezaji mashuhuri wa zamani. Watu walistaajabu. Lakini yeye alimfuata mwalimu, hakulifuata jina.

Hata hivyo tusidanganyane. Si kila mahali padogo ni pema. Mara nyingi vyuo vidogo vina fedha chache, viwanja vibovu na safari ndefu za basi. Tena Hunter mwenyewe alikaa Jackson State msimu mmoja tu. Sanders alipohamia Colorado, kijana naye akahama. Mwaka 2024 alipata tuzo ya Heisman, ile ya mchezaji bora wa vyuo, na 2025 alichaguliwa wa pili katika nchi nzima. Watu wa Jackson State waliumia moyoni, na tunawaelewa. Kwa hiyo sisemi kwamba padogo ni patakatifu na pakubwa ni pa dhambi. Nasema kwamba ukubwa peke yake si sababu ya kutosha.

Mnakumbuka habari ya Naamani, jemadari wa Shamu. Alikuwa mtu mkuu, naye alikuwa na ukoma. Nabii Elisha alipomwagiza akaoge katika Yordani, alikasirika, kwa maana kwao Dameski ilikuwako mito aliyoiona kuwa bora. Hasira yake haikuhusu maji, ilihusu heshima. Karibu arudi nyumbani na ugonjwa wake kwa sababu mto ulikuwa mdogo machoni pake. Na waliomwokoa ni watumishi wake, watu wadogo, waliothubutu kumshauri kwa upole.

Ndugu zangu, ugonjwa huu wa Naamani unatusumbua hata sisi. Baba anataka mwanawe aende chuo fulani ili yeye baba apate la kusema mbele ya wazee wenzake. Mtoto anakwenda, anapotelea katika umati, hakuna anayejua kama amekula au amelala njaa, na baada ya miaka miwili anarudi amevunjika moyo. Binti amefuzu uuguzi, amepewa kazi katika zahanati ya mashambani, na jamaa zake wanamwonea haya kana kwamba amefukuzwa mjini. Mwimbaji anaacha kwaya ya watu 8 iliyomhitaji sana, aende kusimama safu ya nyuma katika kwaya ya watu 60, ambamo hata akikosa siku moja hakuna atakayejua. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Basi wewe mzazi, na wewe kijana uliyeshika barua mbili mkononi, kabla ya kuamua jiulize maneno matatu. La kwanza, je, huko niendako nitafanya kazi, au nitatazama wengine wakifanya? La pili, je, kazi nitakayopewa ni ile niliyopewa kipawa chake? La tatu, je, yuko mtu huko atakayejua jina langu na kugonga mlango wangu asubuhi? Kama mahali pakubwa panakupa yote matatu, nenda kwa shukrani. Kama ni padogo panapokupa, nenda vilevile, wala usiinamishe kichwa.

Tena kumbukeni jambo hili. Hata kule Marekani, katika kila wachezaji 100 wa vyuo, wanaofika kwenye ligi ya kulipwa hawatimii 2. Waliobaki wote siku moja huvua ile kofia ngumu, wakaenda kuwa walimu, wafanyakazi, wazazi na majirani. Siku hiyo ukubwa wa uwanja hauwasaidii kitu. Kinachowasaidia ni yale waliyojifunza, na watu waliowafundisha.

Mungu atupe macho ya kuutambua mto wetu wa Yordani, na unyenyekevu wa kushuka majini.