Karabai na Koroboi za Mbinguni

(Mazungumzo ya asubuhi yaliyotolewa redioni)

  Leo nataka tuzungumze juu ya nyota.

Jioni hii, kama mawingu hayatakuwa mengi, toka nje, simama mbali na taa, utazame juu. Utaona ya kuwa nyota hazilingani. Moja inawaka sana, nyingine ni kama cheche iliyosahauliwa majivuni. Mtume Paulo alilijua jambo hilo, akawakumbusha Wakorintho kwamba nyota hazifanani katika utukufu wake.

Kwa nini hazifanani? Sababu moja ni umbali. Taa iliyo ng’ambo ya bonde huonekana hafifu kuliko iliyo mezani kwako. Lakini hata kama tungezipanga nyota zote mahali pamoja, bado zingepitana sana. Sababu iliyo kubwa ni uzito wa nyota, yaani wingi wa vitu ilivyopewa tangu kuzaliwa kwake.

Nyota ni tufe kubwa la gesi yenye moto mkali, na sehemu yake kubwa ni haidrojeni. Jua letu nalo ni nyota. Moyoni mwake joto hufika kama nyuzi milioni 15, na humo haidrojeni huunganishwa ikawa heliamu. Kila sekunde Jua hutumia kama tani milioni 600 za haidrojeni kwa kazi hiyo, na tani milioni 4 hivi hugeuka kuwa nuru na joto. Mahindi yaliyo shambani mwako yanakua kwa nuru hiyo.

Sasa sikilizeni vizuri. Uzito wa nyota huvuta kila kitu kuelekea ndani. Joto la moyo wake husukuma kuelekea nje. Nguvu hizo mbili zikilingana, nyota hukaa imara. Lakini nyota ikiwa nzito sana, moyo wake hubanwa sana, joto hupanda, na haidrojeni huteketea kwa kasi. Mmemwona mhunzi akivuta mivukuto: makaa hung’aa hata macho yanauma, lakini gunia la makaa nalo huisha upesi.

Wataalamu hupimaje uzito wa kitu wasichoweza kukigusa? Nyota nyingi huenda mbili mbili, zikizungukana. Kwa kupima jinsi zinavyozungukana na muda zinaotumia, uzito wake hujulikana. Mwaka 1924 Arthur Eddington, profesa wa Cambridge huko Uingereza, alionyesha wazi kwamba uzito wa nyota na mwanga wake hufuatana. Bwana huyo alikuwa wa dhehebu la Marafiki, hao hao ambao ndugu zetu wa Kaimosi wanawafahamu sana.

Basi tupige hesabu kidogo. Chukua nyota yenye uzito mara 10 kuliko Jua. Ungedhani itang’aa mara 10. Sivyo. Itang’aa mara elfu kadhaa! Ina akiba mara 10, lakini inaitumia mara elfu kadhaa. Je, akiba hiyo itadumu? Jua limepewa miaka kama bilioni 10, yaani milioni elfu 10, na limekwisha kuishi bilioni 4.6 hivi. Nyota ile kubwa haipati hata miaka milioni 50.

Jambo hili tunalijua nyumbani. Matangani huwashwa karabai. Uwanja wote huwa mweupe, hata sindano ikianguka utaiona. Lakini kabla ya alfajiri mtu huitwa akalete mafuta. Na jikoni kuna koroboi yenye mafuta kidogo tu, moshi wake umepaka ukuta masizi, na jogoo anapowika bado inawaka.

Mbinguni pia ziko koroboi. Katika miezi ya Mei na Juni, usiku ukitazama kusini utaona nyota kali iitwayo Alpha Centauri. Karibu nayo iko nyota ndogo usiyoweza kuiona kwa macho matupu. Robert Innes aliigundua mwaka 1915 akiwa Johannesburg, na ikaitwa Proxima Centauri. Baada ya Jua, hiyo ndiyo nyota iliyo karibu nasi kuliko zote. Nuru yake hutufikia kwa miaka 4 na kidogo. Uzito wake ni kama sehemu moja kwa nane ya uzito wa Jua, na mwanga wake haufiki hata sehemu moja kwa mia tano. Lakini kwa kuwa inatumia kidogo kidogo, na gesi yake yote huchanganyika hata ikafika motoni, itaendelea kuwaka kwa zaidi ya miaka bilioni elfu. Na nyota za namna hii ndizo nyingi kuliko zote. Katika kila nyota kumi, karibu saba au zaidi ni hizi ndogo nyekundu, na jicho lako halioni hata moja.

Kwa upande mwingine kuna Kilimia, ambacho Ayubu alikitaja, na ambacho wakulima wa zamani walikitazama wapate kujua majira ya kupanda. Nyota zile tunazoziona pale ni nzito na kali. Umri wake ni kama miaka milioni 100 tu, na zile zing’aazo zaidi hazitafika umri wa Jua.

Ndugu zangu, nayasema haya kwa sababu. Mama mmoja alimzika binti yake, mwalimu wa miaka 26, aliyependwa na kijiji kizima. Baadaye aliniuliza, “Mchungaji, maisha mafupi hivyo yalikuwa ya nini?” Siku ya kilio sikumweleza habari za nyota. Siku ya kilio watu huketi pamoja na kunyamaza. Lakini swali lake limebaki nami, na leo nataka niseme maneno machache.

Nyota nzito hazifi bure. Mwezi wa Februari 1987, watu wa upande wa kusini wa dunia waliona kwa macho yao nyota moja ikilipuka. Ilikuwa na uzito kama mara 20 ya Jua. Mlipuko kama huo hutawanya angani vitu vilivyopikwa ndani ya nyota muda wote wa uhai wake. Sehemu kubwa ya oksijeni unayoivuta sasa ilitengenezwa katika nyota kubwa zilizokufa kabla Jua halijakuwako. Hata chuma kilicho katika damu yako kilitoka katika nyota zilizolipuka. Zilikaa muda mfupi, lakini tunaishi kwa zile zilizoyaacha. Nyota haina mama wa kuililia, nami sisemi kwamba hesabu hizi zinafuta machozi. Nasema tu kwamba urefu wa miaka sio kipimo pekee cha maisha.

Na wewe uliye koroboi, neno lako ni hili. Unafundisha watoto wa Shule ya Jumapili mwaka wa ishirini sasa, hakuna aliyekupigia makofi. Unamwogesha mzee asiyejijua tena, kila siku, na majirani hawajui. Usiseme, “Mimi si kitu, kwa maana sionekani.” Anga imejaa wasioonekana.

Tena tazameni Jua, lililo katikati. Lingekuwa zito mara 10, lingezimika zamani, kabla ya hata jani moja kuota duniani. Lingekuwa dogo kama Proxima, dunia yetu hapa ilipo ingekuwa barafu tupu. Kipimo lilichopewa ndicho kilichotupa sisi asubuhi hii.

Basi tuache kupimana. Nyota haikuchagua uzito wake; ilipewa. Kanisa linahitaji karabai uwanjani na koroboi jikoni. Aliye karabai asimdharau koroboi, na aliye koroboi asimwonee karabai wivu. Kila mmoja awake kwa mafuta aliyopewa, mahali alipowekwa.

Tuombe. Ee Bwana, uliyezifanya nyota kubwa na ndogo, wakumbuke wanaomlilia mtu wao aliyeondoka mapema. Watie nguvu wale wanaowaka gizani bila kuonwa. Utufundishe kuridhika na kipimo chetu, na kukitumia kwa ajili ya wengine. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Kwaherini, na siku yenu iwe njema.